Nyumba Iko Kitengela, Mshahara Uko Doha: Piga Hesabu ya Mwaka Mzima

Mwaka 2024 Wakenya walio nje ya nchi walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, kulingana na Benki Kuu ya Kenya. Sehemu ya pesa hizo huishia kwenye mawe, mabati na simiti. Ukipita barabara ya Namanga, kuanzia Athi River hadi Kitengela, Isinya na mbele kuelekea Kajiado mjini, utaona nyumba nyingi nzuri ambazo mapazia yake hufunguliwa Desemba peke yake. Mwenyewe yuko Doha, Dubai, London au Minnesota.

Kujenga kukiisha, watu husema kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba nyumba hula hata kama haina mtu. Inakula polepole, elfu mbili hapa, elfu tano pale, na kwa sababu pesa hutoka kidogo kidogo kwa simu, wengi hawajui jumla yake kwa mwaka ni ngapi. Somo hili ni la kuijua jumla hiyo, kuilipa bila kupoteza pesa njiani, na kuamua kama nyumba ikae hivyo, ipangishwe, au akae mtu wa familia.

Hatua ya kwanza: andika kila kitu kinachokula pesa

Tuchukue mfano. Unafanya kazi Qatar. Una nyumba ya vyumba vitatu kwenye ploti ya 50 kwa 100, ndani ya mtaa wenye geti moja. Jengo lenyewe lina thamani ya shilingi milioni 6. Unakuja nyumbani wiki nne kwa mwaka. Bei zilizo hapa chini ni za mfano. Weka zako mahali pake.

- Ada ya mtaa (walinzi wa geti, taka, taa za barabara): 3,500 kwa mwezi, yaani 42,000 kwa mwaka
- Mtu wa kuangalia nyumba, anakuja mara mbili kwa wiki: 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000
- Stima: 600 kwa miezi 11, na 4,500 mwezi ukiwa nyumbani, yaani 11,100
- Maji ya boza: mara 4 kwa 3,500, yaani 14,000
- Ushuru wa ardhi wa kaunti: 6,000
- Bima ya nyumba: 15,000
- Kunyonya shimo la maji taka: 8,000
- Ukarabati: asilimia 1 ya thamani ya jengo, yaani 60,000
- Ada za kutuma na kulipa: 7,900

Jumla: shilingi 224,000 kwa mwaka.

Gawanya kwa siku 28 unazolala humo. Kila usiku unakugharimu shilingi 8,000, na hapo hujahesabu pesa za ujenzi wala tikiti ya ndege. Hatusemi ni pesa mbaya. Kuna watu ambao kulala kwao wenyewe, karibu na wazazi, ni jambo lisilo na bei. Lakini ni vizuri kujua bei hiyo kabla ya kuamua, badala ya kuishangaa baadaye.

Mambo ambayo Kitengela na Kajiado huongeza kwenye bili

Kila mahali pana gharama zake. Huku kwetu, angalia haya manne.

*Udongo.* Sehemu kubwa ya tambarare hizi ina ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukinyeshewa huvimba, ukikauka hujikunja na kupasuka. Nyumba ambayo msingi wake haukuchimbwa hadi ardhi ngumu itaonyesha nyufa, na hata iliyojengwa vizuri inaweza kupasuka kwenye ukuta wa nje, sakafu ya veranda au kibaraza cha gari. Ndiyo maana ile asilimia 1 ya ukarabati si anasa. Ufa mdogo ukizibwa Februari, hautakuwa mto wa maji Aprili.

*Mvua.* Miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba ndiyo ya kuogopa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaligusa Athi River na Kitengela, na watu wengi walijifunza kuhusu mitaro siku ambayo maji yalikuwa tayari sebuleni. Mtaro na mifereji ya paa isafishwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya kila msimu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya dari moja iliyooza.

*Maji.* Kajiado ni nchi kavu. Wengi hutegemea visima virefu na boza, na maji mengi ya visima yana chumvi. Chumvi hiyo hula hita ya maji na kuziba bomba la kuogea. Kabla ya kuondoka Januari, mwambie fundi amwage maji ya hita na kufunga bomba kuu.

*Maji taka.* Nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la maji taka, kwa hivyo kuna shimo, na shimo likijaa huitwa lori. Usingoje lijae wakati wageni wa Krismasi wako mezani. Weka tarehe yake Novemba.

Ushuru wa ardhi: ndogo leo, kubwa kesho

Hapa watu huchanganya vitu viwili. Ushuru wa kaunti hulipwa serikali ya Kaunti ya Kajiado. Kodi ya ardhi ya serikali kuu hulipwa tu kama ardhi yako ni ya kukodishwa kwa miaka kadhaa. Ploti nyingi zilizokatwa kutoka mashamba ya Kitengela ni za umiliki wa kudumu, na hati zake nyingi huanza na maneno Kajiado/Kaputiei-North. Toa hati yako usome imeandikwa nini, usikisie.

Ushuru wa kaunti usipolipwa huongezewa adhabu, na deni hulala juu ya ardhi. Huenda usilione kwa miaka kumi, hadi siku unayotaka kuuza au kumpa mtoto. Siku hiyo utahitaji cheti cha kuonyesha hudaiwi, na hutakipata bila kulipa yote. Lipa kila mwaka, hifadhi risiti, na uhakikishe nambari ya ploti kwenye risiti ni yako herufi kwa herufi. Mtu aliyelipia ploti ya jirani kwa miaka mitatu hajalipa.

Ukiwa hapo, fanya pia upekuzi wa hati kupitia eCitizen mara moja kwa mwaka. Nyumba isiyo na mtu huvutia macho, na jina lako kuendelea kuwa kwenye rekodi ndiyo habari muhimu kuliko zote.

Kuna jambo la uraia pia. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi Kenya kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Katiba hiyohiyo inaruhusu uraia wa nchi mbili. Lakini kama ulichukua uraia wa nchi nyingine kabla ya 2010 na ukapoteza wa Kenya, haurudi wenyewe. Ni lazima uuombe. Gharama ya kuomba ni ndogo sana ukilinganisha na kuona umiliki wa kudumu ukigeuka kuwa wa miaka.

KRA bado inakukumbuka

Ukiwa na PIN ya KRA, kuna fomu ya mwaka kwenye iTax, na siku ya mwisho ni Juni 30. Kuchelewa kwa mtu binafsi ni faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa. Wengi walioenda majuu huacha miaka mitano ipite, halafu wakirudi kuuza gari au ploti wanakuta faini zinawasubiri mlangoni.

Kama unapangisha, hesabu hubadilika sana kulingana na wewe ni mkaazi wa Kenya kiushuru au la. Mkaazi ambaye kodi ya nyumba anayopokea kwa mwaka ni kati ya 288,000 na milioni 15 hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote. Kiwango hiki kilianza Januari 1, 2024, na hulipwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya kodi yote.

Nani ni mkaazi? Sheria inasema ni mtu mwenye makazi ya kudumu Kenya ambaye alikuwa nchini kwa muda wowote katika mwaka huo. Kama hana makazi ya kudumu, basi awe amekaa siku 183 au zaidi katika mwaka huo, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo pamoja na miwili iliyotangulia. Unaona tatizo: nyumba yako ikikungoja wewe, huenda ikahesabika makazi yako, ukiipangisha, mambo yanaweza kubadilika. Swali hili muulize mtaalamu wa ushuru kabla ya kumpa mpangaji ufunguo. Kwa nyumba ya 25,000 kwa mwezi, jibu lina thamani ya shilingi 67,500 kwa mwaka: asilimia 7.5 ya 300,000 ni 22,500, na asilimia 30 ni 90,000.

Shilingi ikipanda, nyumba nayo inapanda

Gharama za nyumba ziko kwa shilingi, mshahara wako uko kwa riyali. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ilishuka hadi karibu 130. Kwa nchi ilionekana habari njema. Kwa aliye Doha ilikuwa bili mpya, kwa sababu riyali ya Qatar imefungwa kwa dola, riyali 3.64 kwa dola moja.

Ile jumla yetu ya 224,000:

- Dola ikiwa 160: dola 1,400, yaani riyali 5,096
- Dola ikiwa 129: karibu dola 1,736, yaani riyali 6,320

Hakuna kilichoongezeka Kitengela. Mlinzi ni yuleyule, boza ni lilelile. Lakini wewe umelipa riyali 1,200 na zaidi juu. Kwa hivyo ukipanga bajeti kwa pesa za kigeni, ongeza akiba ya angalau asilimia 15 hadi 20, na ukipata mwezi ambao bei ya kubadilisha ni nzuri, tuma ya miezi kadhaa.

Tuma mara chache, lipa moja kwa moja

Angalia vitu viwili kila unapotuma: ada, na bei ya kubadilisha pesa. Kampuni inaweza kusema ada ni sifuri halafu ikakupa bei mbaya ya shilingi. Swali sahihi ni moja: nikitoa riyali 500, shilingi ngapi zitaingia? Linganisha jibu hilo peke yake. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba gharama ya kutuma pesa iwe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Tumia asilimia hiyo kama kipimo chako leo.

Kama kila kutuma kunakula riyali 15, kutuma kila mwezi ni riyali 180 kwa mwaka, karibu shilingi 6,400. Kutuma mara nne ni riyali 60, karibu shilingi 2,100. Tofauti hiyo inalipia boza moja na chenji inabaki.

Pesa zikishaingia kwenye simu yako, lipa mwenye kudai moja kwa moja: kaunti, bima, stima, ada ya mtaa, kila mmoja kwa nambari yake ya Paybill au Till. Kila mkono ambao pesa hupitia ni ada nyingine na swali jingine. Kabla ya kubonyeza kukubali, soma jina linalotokea. Fundi akisema "tuma kwa hii nyingine, ile imejaa," simama. Mpigie kwanza, kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani.

Laini yako ya Kenya nayo ni sehemu ya nyumba. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na baadaye kupewa mtu mwingine. Iweke salio, itumie mara kwa mara, na usimwachie mtu PIN hata kama ni kaka wa tumbo moja. Sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN. Anayeuliza si sisi.

Kuhusu tokeni: Kenya Power ililazimika kusasisha mita zote za tokeni kabla ya Novemba 24, 2024, na nyumba zilizokuwa zimefungwa ndizo zilizosahaulika kwa urahisi. Ukituma tokeni na mita ikakataa, huenda shida ni hiyo wala si pesa yako. Nunua tokeni kidogo hata kama hakuna mtu, mtu wako aiingize, akutumie picha ya mita. Hapo unajua mambo mawili kwa mpigo: mita inafanya kazi, na kweli mtu alifika.

Aliye nyumbani: mtu wa kazi au mtu wa familia?

Ukiandika mlinzi au mtunza nyumba wa kudumu, wewe ni mwajiri. Kwa mshahara wa 18,000, wewe unaongeza NSSF asilimia 6, yaani 1,080, na ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, yaani 270. Yeye naye hukatwa sehemu yake ya hizo mbili, pamoja na SHA asilimia 2.75. Kwako jumla ni 19,350 kwa mwezi, 232,200 kwa mwaka. Kitu hiki kimoja kinazidi bajeti yote ya mfano wetu, ndiyo maana watu wa mtaa mmoja mara nyingi huchangia mlinzi pamoja.

Mtu wa familia huonekana kuwa wa bure, lakini hapa ndipo watu wanagombana. Wewe unafikiri umemsaidia kwa kumpa nyumba. Yeye anafikiri amekusaidia kwa kukulindia. Wote wawili mna haki, na hakuna aliyesema neno. Semeni mapema: nani analipa stima, nani analipa maji, vitu gani anaweza kutengeneza bila kukuuliza na hadi shilingi ngapi, na Desemba atalala wapi. Halafu andika kwa ujumbe, kwa heshima:

"Habari yako, Anti. Asante kwa kuangalia boma. Kama tulivyoongea, stima na maji ni zako, ushuru wa ardhi, bima na ukarabati ni zangu. Kitu kikiharibika chini ya 3,000 tengeneza tu, nitumie risiti nirudishe siku hiyohiyo. Zaidi ya hapo tuongee kwanza. Mungu akubariki."

Ujumbe kama huu haumtukani mtu. Unamlinda Anti pia, siku ambayo mtu mwingine katika familia atauliza pesa zilienda wapi.

Iache, ipangishe, au akae mtu?

Turudi kwenye mfano. Ukiipangisha kwa 25,000, mwaka mzima ni 300,000. Tuseme mpangaji analipa stima, maji, shimo na ada ya mtaa. Wewe unabaki na ushuru wa kaunti, bima na ukarabati, jumla 81,000, na wakala anayechukua asilimia 8, yaani 24,000. Zinabaki 195,000. Kama si mkaazi, toa 90,000. Umebaki na 105,000. Sasa Desemba huna pa kulala: siku 28 kwa 4,000 ni 112,000. Umetoa mfukoni 7,000.

Nyumba tupu ilikutoa 224,000. Kwa hivyo tofauti kati ya kuwa na kitanda chako mwenyewe na kuwa na mpangaji ni karibu 217,000 kwa mwaka, bila kuhesabu mwezi ambao mpangaji anahama na nyumba inakaa bure. Mwenye wazazi wazee wanaohitaji mahali karibu na hospitali anaweza kusema hiyo ni bei nzuri. Mwenye deni la mkopo wa nyumba hiyohiyo labda asiseme hivyo. Sasa angalau mnajua mnaamua juu ya kitu gani.

Ukichagua kuiacha tupu, soma bima yako tena. Mikataba mingi ya bima ya nyumba ina masharti kuhusu nyumba isiyokaliwa, mara nyingi zaidi ya siku 30. Mwambie mwenye bima ukweli kwa maandishi. Kulipa 15,000 kila mwaka kwa bima ambayo haitalipa siku ya moto ni sawa na kutolipa bima, ila umepoteza pesa.

Fanya hivi wiki hii

1. Fungua taarifa ya malipo ya simu yako ya miezi 12 iliyopita. Weka alama kila shilingi iliyoenda kwenye nyumba, hata ile ya "tuma kidogo ya fundi". Jumlisha.
2. Gawanya jumla kwa 12. Hiyo ndiyo pesa ya kutenga kila mwezi, kando na ya chakula na karo. Kwa mfano wetu ni karibu 18,700.
3. Andika kalenda: Februari nyufa, Machi mifereji, Juni fomu ya KRA, Septemba mifereji tena, Novemba shimo la maji taka. Ushuru wa kaunti na bima, andika tarehe zake.
4. Lipa deni moja la zamani kabla ya kununua sofa mpya.
5. Piga picha ya hati, risiti za ushuru na mkataba wa bima. Hifadhi mahali pawili, na umwambie mtu mmoja unayemwamini ziko wapi.

Ukimaliza namba moja, huenda ukapata jumla iliyo juu kuliko ulivyodhani. Usiogope. Nyumba imekuwa ikila pesa hizo siku zote. Leo ndiyo umeiona sahani yake.